Maisha ya Donna Summer, Mwimbaji wa Disko

Neno disko halina sifa njema kwetu. Wazee wengi wakilisikia hukunja uso, maana huwakumbusha disko matanga, zile dansi za usiku zifanywazo karibu na nyumba ya msiba, ambazo wakuu wa serikali wamezipiga marufuku mara nyingi, Pwani na Magharibi, kwa ajili ya madhara yawapatayo vijana gizani. Hata asiye mzee aweza kudhani kwamba disko ni kelele na anasa tu, na kwamba habari zake hazistahili kuingia katika kitabu cha shule. Mimi naona zastahili. Muziki huo ulizaliwa na watu waliotengwa, ukatajirisha watu wasiokuwa hao, ukachukiwa kwa ghadhabu iliyofika hadi kulipuliwa kwa baruti uwanjani, kisha ukarudi kwa majina mengine. Mwenye kuyasoma hayo katika maisha ya mtu mmoja atayaelewa upesi kuliko akiyasoma kwa jumla, na mtu huyo nimchaguaye ni Donna Summer, Mmarekani mweusi aliyeitwa Malkia wa Disko. Jina hilo la umalkia hakujipa mwenyewe. Alipewa na waliouza sauti yake, na kazi kubwa ya maisha yake, kama nitakavyojaribu kuonyesha, ilikuwa kuipata tena sauti hiyo mikononi mwao.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa LaDonna Adrian Gaines. Alizaliwa mjini Boston, katika jimbo la Massachusetts, tarehe 31 Desemba 1948, mtoto wa tatu katika watoto saba. Baba yake alikuwa mkata nyama buchani na mama yake mwalimu. Walikuwa watu wa kanisa, na kanisani ndiko binti yao alikojifunza kuimba. Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi, mwimbaji aliyetazamiwa siku hiyo hakutokea, na mtoto akaombwa ajaze pengo. Baadaye alisimulia kwamba sauti iliyomtoka ilimshtua mwenyewe kama iliyotoka kwa mtu mwingine, na machozi yakamtoka. Mwalimu wake, ingawa hawakuonana, alikuwa Mahalia Jackson, bingwa wa nyimbo za Injili, ambaye santuri zake alizisikiliza na kuziiga. Msomaji alishike jambo hili. Miaka 20 baadaye walitokea watu waliosema kwamba mwanamke huyu si mwimbaji, bali ni kazi ya mitambo. Nao hawakuwa na habari kwamba sauti ile ililelewa katika ibada, ambako hapakuwa na mtambo wa kuificha kasoro yake.

Mwaka 1967, zikiwa zimebaki wiki chache amalize sekondari, aliacha masomo akaenda New York kuimba na bendi moja ya muziki wa roki iliyoitwa Crow. Mwalimu hawezi kusifu tendo hilo, walakini historia haiombi ruhusa ya walimu. Bendi ilivunjika bila faida. Yeye akajaribiwa katika mchezo wa kuigiza na kuimba uitwao Hair, uliokuwa ukivuma sana siku zile, akapewa nafasi katika kundi lililokuwa likienda kuuonyesha mjini Munich, Ujerumani. Alisafiri mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 19, naye hajui neno la Kijerumani.

Alikaa Ulaya miaka saba. Alijifunza Kijerumani hata akaweza kuigiza na kuimba kwa lugha hiyo, akahamia Vienna kwa muda, akashiriki katika michezo mingine, Godspell mmojawapo. Nadhani miaka hii haipewi uzito unaostahili na wale wanaosimulia habari zake. Mwigizaji hujifunza kuvaa nafsi isiyo yake na kuivua pazia likifungwa. Ujuzi huo ndio uliomletea umaarufu, na ndio uliomtia mashakani, kwa kuwa lilifika jukwaa ambalo pazia lake halikufungwa.

Mwaka 1973 aliolewa na mwigizaji wa Austria aliyeitwa Helmuth Sommer, wakapata binti. Ndoa haikudumu. Jina la mume lilibaki, lakini likageuka kidogo: Sommer la Kijerumani likaandikwa Summer la Kiingereza, na hivyo ndivyo lilivyochapwa kwenye santuri zake. Basi hata jina tunalomjua kwalo ni la mtu mwingine, tena limebadilishwa herufi.

Mjini Munich alipata kazi ya kuwaitikia waimbaji wengine studioni, na huko akakutana na watu wawili waliokuwa wakitunga na kurekodi nyimbo: Giorgio Moroder, Mwitalia wa milima ya kaskazini, na Pete Bellotte, Mwingereza. Mmarekani mweusi, Mwitalia na Mwingereza, wote wageni katika mji wa Ujerumani, wakaanza kutengeneza nyimbo za Kiingereza. Wimbo wao wa mwaka 1974, The Hostage, ulipendwa Uholanzi na Ubelgiji. Marekani hapakuwa na aliyemjua.

Hapa sharti tuiache Munich kwa kitambo twende New York, maana huko ndiko soko la sauti hiyo lilikokuwa likijengwa. Neno diskotheki ni la Kifaransa, nalo lilikuwa na maana ya mahali pa kuweka santuri, kama vile maktaba ilivyo mahali pa vitabu. Baadaye likawa jina la ukumbi ambamo watu hucheza dansi kwa santuri badala ya bendi. Mwaka 1970 David Mancuso alianza kuwaalika rafiki zake kucheza katika nyumba yake mjini New York, palipojulikana kwa jina la The Loft. Waliokuja hapo na katika kumbi za namna hiyo walikuwa Wamarekani weusi, watu wa asili ya Puerto Rico na nchi nyingine za Kilatini, wanawake waliotaka kucheza bila kusumbuliwa, na wanaume waliopenda wanaume wenzao, ambao katika kumbi nyingine waliweza kukamatwa na polisi kwa kucheza pamoja tu. Muziki wao ulikuwa wa mahali ambapo mtu haulizwi yeye ni nani.

Afrika nayo ilikuwa na fungu lake. Mwaka 1972 Manu Dibango wa Kameruni alirekodi wimbo wa kushangilia mashindano ya Kombe la Afrika yaliyofanyika nchini mwake, na upande wa pili wa santuri hiyo akaweka wimbo mwingine, Soul Makossa. Ule wa mpira umesahauliwa. Mancuso alipata ule wa pili, akaupiga nyumbani kwake, na watu wakautafuta madukani hata santuri zikawaishia wauzaji. Hivyo mojawapo ya santuri za kwanza zilizoithibitishia New York kwamba ukumbi wa dansi waweza kuuza wimbo pasipo redio ilitoka kwa Mwafrika.

Palikuwa na taabu moja. Santuri ndogo ya siku zile ilichukua dakika tatu au nne, na mchezaji akianza tu kupata moto, wimbo umekwisha. Mpiga santuri alilazimika kutumia vyombo viwili na kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine kwa ustadi wa mikono. Mafundi wa studio, Tom Moulton akiwa mbele yao, walianza kurefusha nyimbo, na katikati ya miaka ya 1970 ikatokea santuri ya inchi 12 iliyobeba wimbo mmoja mrefu kwa sauti nzito. Wengine huliona jambo hili kuwa dogo, la kiufundi tu. Kwangu mimi ndilo lililobadili utunzi wenyewe. Wimbo wa dakika tatu husimulia kisa. Wimbo wa dakika kumi na tano hauna kisa cha kutosha, basi huwa mahali pa kukaa.

Tukiyajua hayo twaweza kufahamu yaliyotokea mwaka 1975. Donna Summer alimpelekea Moroder wazo la wimbo wa mapenzi, Love to Love You Baby. Waliurekodi kwanza kama jaribio ili kumpa mwimbaji mwingine. Palitakiwa sauti ya kunong'ona na pumzi za mahaba, na binti wa kanisa aliona haya. Taa zikapunguzwa, akalala chini sakafuni, akajifanya yeye ni Marilyn Monroe, yule mwigizaji wa sinema, akawaza jinsi Marilyn angeimba. Aliigiza, kwa neno jingine, kama alivyozoea kuigiza jukwaani kwa miaka saba. Santuri ilifika kwa Neil Bogart, mwenye kampuni ya Casablanca huko Marekani. Yeye aliipiga kwenye karamu nyumbani kwake, na wageni wakadai irudiwe tena na tena. Bogart akapeleka habari Munich: nifanyieni ndefu. Wakamfanyia ya dakika karibu 17, iliyojaza upande mzima wa albamu.

Mwanzoni mwa 1976 wimbo ulifika nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Marekani. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilikataa kuupiga, na kwa kukataa likauongezea wanunuzi. Summer alirudi kwao baada ya kutokuwapo miaka mingi, akakuta kampuni imekwisha kumtangaza kuwa mungu wa kike wa mahaba. Nafsi aliyoivaa kwa usiku mmoja gizani ilikuwa imechapwa kwenye matangazo, naye alitakiwa kuivaa kila siku. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2003 alieleza kwamba katika fahari hiyo alikuwa na huzuni kubwa isiyompa usingizi, kiasi cha kuuhatarisha uhai wake. Watu waliomwona jukwaani hawakulijua hilo.

Sasa nafika penye wimbo ambao kwa ajili yake peke yake jina la Donna Summer lingestahili kukumbukwa. Mwaka 1977 Moroder na Bellotte walitunga albamu iliyoitwa I Remember Yesterday, ambayo ilipita katika mitindo ya miaka iliyokwisha, mmoja baada ya mwingine. Wakaona ifaa ikomee kwa wimbo wa wakati ujao. Wakati ujao husikikaje? Moroder alijibu kwa kuwaondoa wapiga ala karibu wote. Katika studio ya Musicland, iliyokuwa chini ya ardhi katika jengo refu la hoteli mjini Munich, walitumia mtambo wa umeme wa Moog, kabati kubwa lenye nyaya na vitufe, lenye kutoa sauti zisizotoka katika uzi wala ngozi wala pumzi. Ulikuwa mtambo mkaidi. Ukipata joto ulipoteza tuni, kwa hiyo walirekodi vipande vya sekunde chache, wakasimama, wakautengeneza, wakarekodi tena. Besi yake ilipelekwa sikio moja, na mwangwi wake, uliocheleweshwa kidogo sana, ukapelekwa sikio la pili, hata msikilizaji akasikia mapigo maradufu yasiyokatika. Kitu kimoja tu mtambo haukukiweza: mshindo wa ngoma kubwa ipigwayo kwa mguu haukuwa na uzito wa kutosha. Akaitwa mpiga ngoma, Keith Forsey, akapiga mshindo huo mmoja mwanzo hata mwisho.

Juu ya mitambo hiyo akaimba mwanadamu. Wimbo wenyewe, I Feel Love, una maneno machache mno, na mwimbaji wa nguvu angeweza kuona hana pa kuonyesha uwezo wake. Angeweza kupiga kelele ili kushindana na mtambo. Summer hakufanya hivyo. Alipanda na sauti yake nyembamba ya juu, akaivuta polepole, akaiacha ielee, na kwa sababu mapigo ya chini yanakimbia bila kuchoka, sauti isiyo na haraka husikika kana kwamba imesimama hewani. Ondoa sauti hiyo, na kinachobaki ni saa ya ukutani. Hii ndiyo hoja yangu juu ya wale wasemao kwamba yeye aliimbiwa na mitambo: wimbo mtupu kuliko zote ndio unaoonyesha wazi zaidi jinsi mtambo ulivyomhitaji.

Kampuni haikutambua ilichonacho. Kwanza wimbo uliwekwa upande wa nyuma wa santuri ndogo, na upande wa mbele ukapewa wimbo wa taratibu ambao leo hautajwi. Wapiga santuri waliigeuza. Katika Julai na Agosti 1977 ulikaa wiki nne katika nafasi ya kwanza Uingereza, na Marekani ukafika ya sita. David Bowie, aliyekuwa akirekodi mjini Berlin mwaka huo, alisimulia kwamba mwenzake Brian Eno alimjia mbio na santuri hiyo mkononi, akamwambia amesikia sauti ya siku zijazo. Mimi mwenyewe niliwapigia wanafunzi wa kidato cha tatu wimbo huo bila kuwaambia ni wa nani, nikawauliza ni wa mwaka gani. Wengi walikisia kuwa ni wa miaka hii. Mmoja tu alisema huenda ni wa zamani kidogo, wa 2005.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya ushindi, nami nitaipita upesi, kwa maana habari za ushindi hufanana. Mwaka 1978 aliimba Last Dance, uliotungwa na Paul Jabara kwa ajili ya filamu. Wimbo ukapata tuzo ya Oscar, na yeye akapata Grammy yake ya kwanza. Kati ya Novemba 1978 na Novemba 1979 alikuwa na nyimbo nne zilizofika nafasi ya kwanza Marekani, wa mwisho akiimba pamoja na Barbra Streisand. Albamu zake tatu mfululizo, kila moja ya santuri mbili, zilifika juu kabisa. Hapakuwa na msanii aliyelifanya hilo kabla yake. Lakini habari moja ya siku hizo nisiiache. Wimbo wa Bad Girls, ambao yeye alishiriki kuutunga, ulitokana na kisa cha karani wake mwanamke, ambaye polisi walimsumbua barabarani mjini Los Angeles wakimdhania kahaba. Bogart alishauri wimbo huo apewe mwimbaji mwingine, Cher. Summer alikataa, akaukalia mpaka wakati wake ulipofika. Alikuwa amekwisha kuanza kujifunza kusema hapana.

Disko yenyewe ilikuwa imevimba kupita kiasi. Baada ya filamu ya Saturday Night Fever ya 1977 kila kampuni ilitaka fungu lake, vituo vya redio viliacha roki vikageukia disko, na santuri nyingi mbaya zilitolewa. Hayo ni kweli, wala si haki kusema kwamba kila aliyechoka na disko alikuwa mtu wa chuki. Mtangazaji mmoja wa Chicago, Steve Dahl, alikuwa amepoteza kazi yake kituo chake kilipogeuka kuwa cha disko. Akahamia kituo kingine, akaanzisha vita. Tarehe 12 Julai 1979, siku ya Alhamisi, palikuwa na michezo miwili ya besiboli katika uwanja wa Comiskey Park mjini humo. Ilitangazwa kwamba atakayeleta santuri ya disko ataingia kwa senti 98, na kwamba santuri zote zitalipuliwa kati ya mchezo wa kwanza na wa pili.

Watu wapatao 50,000 waliingia, na wengine wakabaki nje wakigombea malango. Sanduku la kuwekea santuri likajaa, na waliobaki nazo wakazirusha uwanjani kama visahani. Sanduku lililipuliwa, nyasi zikachimbika, na maelfu ya vijana wakaruka vizuizi, wakavamia uwanja, wakawasha moto. Polisi waliwakamata watu 39. Mchezo wa pili haukuchezwa, na wageni kutoka Detroit wakapewa ushindi.

Mmoja wa waliokuwa kazini uwanjani siku ile alikuwa kijana mweusi, Vince Lawrence, aliyewaelekeza watazamaji viti vyao. Yeye amesimulia kwamba alipoziangalia santuri zilizoletwa aliona nyingi si za disko kamwe: zilikuwa santuri za Marvin Gaye na za Stevie Wonder, yaani za watu weusi tu. Dahl amekana siku zote kwamba alikuwa na chuki ya rangi, nami simhukumu moyo wake. Lakini mtu aliyepokea santuri mlangoni hakuhitaji kuuliza nia ya mtangazaji. Ushuhuda ulikuwa sandukuni.

Siku mbili baada ya mlipuko, katika orodha iliyotolewa kwa tarehe 14 Julai, wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Marekani ulikuwa Bad Girls, nao ulikaa hapo wiki tano. Yafaa kuongeza kwamba Hot Stuff, wimbo wake mwingine wa mwaka huo, wenye gitaa kali la roki, ulimpatia mwezi Februari 1980 tuzo ya Grammy ya mwimbaji bora wa kike wa roki, na ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Waliolipua santuri walifanya hivyo kwa heshima ya roki. Tuzo ya roki ikaenda kwa malkia wa waliolipuliwa.

Hata hivyo hasara ilikuwa ya kweli. Redio zilikimbia, kampuni zikalifuta neno disko katika matangazo yao na kuandika muziki wa dansi mahali pake, na waimbaji wengi waliokuwa na wimbo mmoja au miwili wakatoweka. Summer hakutoweka, kwa sababu alikuwa amekwisha kuanza kuondoka mwenyewe. Mwaka 1979 alirudi katika imani ya Kikristo aliyolelewa nayo, na kwa miaka mingi hakuuimba tena ule wimbo wa mahaba uliomtajirisha. Aliishitaki kampuni ya Casablanca. Meneja wake alikuwa mke wa Bogart, na si vigumu kuona ubaya wa jambo hilo: mtu wa kumtetea mwimbaji mbele ya kampuni alikuwa akila meza moja na mwenye kampuni. Mwaka 1980 alihama, akawa msanii wa kwanza wa kampuni mpya ya David Geffen, na mwaka huohuo akaolewa na mwanamuziki Bruce Sudano, aliyekaa naye mpaka mwisho.

Uhuru haukuwa mtamu kama alivyodhani. Kampuni mpya nayo ilikuwa na mawazo yake, na albamu nzima aliyoirekodi na Moroder na Bellotte ikafungiwa kabatini isitolewe mpaka 1996. Ushindi wake mkubwa wa miaka hiyo ulitoka pasipotazamiwa. Kwenye mkahawa mmoja wa Los Angeles, baada ya sherehe za Grammy za 1983, aliingia msalani akamkuta mwanamke mhudumu wa hapo amesinzia kwa uchovu, mtu aliyekuwa na kazi mbili ili apate riziki. Summer alitoka humo na wimbo, She Works Hard for the Money, uliosifu jasho la wanawake wa namna hiyo, nao ulifika nafasi ya tatu. Mhudumu yule akapigwa picha pamoja naye, wote wawili wamevaa sare ya kazi, na picha ikawekwa nyuma ya jalada la albamu. Mwaka 1975 aliimba kama Marilyn Monroe. Mwaka 1983 aliimba kama mwanamke aliyemwona kwa macho yake. Mimi nauhesabu huo kuwa wimbo wake wa pili kwa ukubwa, ingawa wajuzi wa muziki watanibishia.

Kuna doa katika habari zake, nami sitalificha. Katikati ya miaka ya 1980 zilienea habari kwamba amesema UKIMWI ni adhabu ya Mungu kwa wanaume wapendao wanaume. Alikana kwa barua na kwa mahojiano, akalishitaki gazeti lililoyachapa maneno hayo, na kesi ikamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Lakini wengi wa watu hao walikuwa wasikilizaji wake wa kwanza, waliogeuza santuri zake wakati kampuni ilipozilaza kifudifudi, tena walikuwa wakizika rafiki zao kila wiki. Wengine hawakurudi kwake tena.

Wakati huo mjini Chicago, mji uleule wa baruti, disko ilikuwa ikifufuka. Frankie Knuckles alikuwa akipiga santuri katika ukumbi ulioitwa Warehouse, akizirefusha na kuzipa mshindo wa mitambo, na muziki huo ukapata jina la hausi, kutokana na jina la ukumbi. Mwaka 1984 ilitoka On and On, mojawapo ya santuri za kwanza za namna hiyo, ya Jesse Saunders. Aliyeshirikiana naye kuitunga alikuwa Vince Lawrence, yule kijana aliyewaelekeza watu viti vyao Comiskey Park. Mshindo mmoja usiokatika na besi ya umeme inayokimbia, kama ilivyosikika Munich mwaka 1977, ndio uti wa mgongo wa muziki huo, na wa nyingi za nyimbo wanazozipiga vijana wetu Nairobi na Mombasa Jumamosi usiku.

Summer aliishi miaka yake ya baadaye akichora picha, akilea, na kuimba kila alipopenda. Mwaka 1998 alipata Grammy ya tano, kwa wimbo alioufanya tena na Moroder. Alifariki kwa saratani ya mapafu tarehe 17 Mei 2012, huko Naples, Florida, akiwa na umri wa miaka 63. Jumba la heshima la roki, ambalo lilikuwa limempitia mara kadha alipokuwa hai, lilimpokea mwaka 2013. Mwaka 2022 Beyoncé aliifunga albamu yake kwa wimbo uliojengwa juu ya I Feel Love, na mwaka uliofuata Brooklyn Sudano, binti yake Summer, akishirikiana na mwongozaji mwingine, alitoa filamu juu ya mama yake.

Maktaba ya Bunge la Marekani huchagua kila mwaka sauti chache zilizorekodiwa, ili zihifadhiwe kwa kuwa ni urithi wa taifa. Orodha iliyotangazwa tarehe 23 Mei 2012, siku sita baada ya kifo chake, ilikuwa na I Feel Love ndani yake. Wachaguzi walikuwa wamekwisha kukata shauri naye angali hai. Jina la mwimbaji liliandikwa Donna Summer, lile lililochukuliwa kwa mume wa kwanza na kugeuzwa herufi.